Weusi Nyuma ya Mvua

Ndege ikishatulia juu, Nkoyo, mkuu wa wahudumu, hugonga mlango wa marubani, hupitisha vikombe viwili vya chai na kuondoka. Ibiere, rubani msaidizi, ndiye hupokea. Cha kapteni humpa kwa mikono miwili, kama alivyolelewa kuwapa wakubwa, ndipo naye huonja chake. Siku ile chai ya kapteni haikumfikia mkononi. Ndege ilizama ghafla kama mtu aliyekosa ngazi gizani, chai ikaruka, ikammwagikia Kapteni Adegbite pajani.

"Mikono yako imelogwa?"

"Samahani, Mkuu. Hewa imetutupa."

"Hewa. Ukichelewa hewa, ukimwaga hewa. Hivi huko chuoni mlijifunza nini, kusingizia?"

Ibiere alimpa kitambaa. Nyuma ya kiti cha kapteni, kwenye ndoano, ilining'inia kanzu yake ya lesi nyeupe ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na shanga za marijani. Jioni ile huko Port Harcourt, walikokuwa wakienda, mama mkwe wake alikuwa anazikwa. Mkwe wa kiume hutakiwa kuingia uani na wapiga ngoma wake kabla jeneza halijatoka nje. Akichelewa, wanawake wa ukoo humtungia wimbo wa kumsuta, nao wimbo huo humfuata kwenye kila harusi na kila msiba mpaka mvi zimwote. Ibiere alizaliwa huko. Nyimbo hizo alizijua, na nyingine aliziimba mwenyewe utotoni, akicheka.

Basi alimwelewa, na kumwelewa kulimfunga mdomo zaidi.

Kwenye kioo cha rada mvua ilikuwa imejichora: kijani, kisha njano, kisha mshipi mwekundu uliokata njia yao. Nyuma ya wekundu palikuwa peusi, na weusi kwenye rada ni anga tupu, isiyo na mvua.

Kapteni aligusa kioo kwa ukucha. "Unaona? Kamshipi tu. Tunakapasua, tunatokea pale pako wazi."

Ibiere aliona kingine. Weusi ule ulianza palepale wekundu ulipokuwa mnene, ukapanuka kwenda nyuma kama kivuli cha nguzo. Mvua ikizidi uzito humeza miale yote ya rada, usirudi hata mmoja kueleza kilichoko ng'ambo. Kioo kisichojua kitu huchora weusi uleule wa anga safi.

"Mkuu," alisema, "ule weusi umekaa sawa kweli?"

"Umekaaje?"

"Nauliza tu."

"Uliza vitu vyenye majibu."

Akajaribu tena. "Wenzetu waliotutangulia wameomba kwenda kushoto."

"Rubani wao namjua. Akisikia mlango umebamizwa, anaomba kushoto. Wewe unataka nini?"

"Sitaki kitu, Mkuu. Nilikuwa nawafikiria abiria, wana chai ya moto mikononi."

"Washa taa ya mikanda."

Akaiwasha. Hayo ndiyo yote aliyoyapata.

Wekundu ulisogea, ukajaza nusu ya kioo. Ibiere alibonyeza kitufe cha redio, na kwa yule mwongoza ndege asiyemwona uso, sauti ilimtoka imenyooka: tunaomba kugeuka kushoto, tunakwepa radi. Akajibiwa papo hapo kwamba njia ipo, ageuke tu.

Kapteni alimgeukia. "Nani kakutuma?"

"Nimeomba tu, Mkuu, ikiwa utapenda."

"Sikupenda. Ukitaka kutawala, kaolewe ukatawale jiko lako. Hapa kuna mwenyewe. Mwambie tunanyoosha."

Kidole cha Ibiere kilirudi kwenye kitufe cha redio, lakini hakukibonyeza.

Hawakupata nafasi ya kugombana zaidi. Mvua ilipiga kioo cha mbele kama kokoto zinazomwagwa kutoka kwenye lori. Ndege ikatupwa juu, ikaachiwa. Mfuko wa nguo ulipaa hadi darini, shanga zikagonga bati kwa kelele, kisha vyote vikaanguka sakafuni. Nyuma ya mlango watu walipiga yowe, na yowe likageuka sala moja ya midomo mingi.

Simu ya ndani ililia. Ni Nkoyo. "Jamani, huku nimeanguka, na kuna mama kapasuka kichwa. Mnatupeleka wapi?"

"Kaa chini, dada," Ibiere alimjibu. "Jifunge kwenye kiti chochote kilicho karibu."

"Hili ni pindo tu la wingu," kapteni alisema. Jasho lilimtiririka shavuni. "Mbele pako wazi."

Ibiere aligeuka amwone akiitazama rada. Hakuwa akiitazama. Macho yake yalikuwa kwenye saa.

Ibiere akanyoosha mkono kwenye dashibodi.

"Naendesha mimi," alisema, maneno ambayo msaidizi hayasemi mpaka akabidhiwe. Akakizungusha kitufe cha uelekeo, ndege ikaanza kulala kushoto.

"Toa mkono."

"Hapana."

Mkono wa kapteni ulikuja kuuondoa wake, na haukufika. Umeme ulimulika upande wa kulia, ng'ambo ya mvua, pale rada ilipodai ni patupu. Palikuwa na wingu limesimama kama ukuta, linachemka kutoka chini kabisa hadi juu yao, na ndani yake radi zikifukuzana. Wote wawili waliliona. Lilizima, likawaka tena, nalo lilikuwa palepale.

Ndege iliendelea kugeuka. Kokoto za mvua zikapungua, zikawa matone. Kapteni aliuvuta mfuko wake kutoka sakafuni, akaupakata. Uzi wa shanga ulikuwa umekatika.

"Ungesema," alisema, bado kwa hasira. "Mdomo unao. Badala ya kunizungusha, mara chai ya abiria, mara rubani wa mbele, ungesema."

Neno samahani lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Ibiere, mahali linapokaa siku zote. Aliuacha mkono palepale kwenye kitufe.

"Nilikuwa nasema, Kapteni Adegbite," alijibu. "Nilikuwa nasema unataka kutuua kwa kuogopa wimbo, na mimi humo siingii na wewe."