Sauti ya Milembe kwenye Filamu

Mwaka 1996 Ndaki alikuwa mwalimu wa kwaya Bariadi. Kinanda chake kidogo cha betri alikinunua Mwanza, baada ya vitu vya nje kuanza kujaa madukani. Huko alijuana na Marcelo, mpiga picha za harusi aliyekuwa akitengeneza filamu ya video. Marcelo akamwomba muziki wa filamu hiyo.

"Nataka kitu ambacho watu hawajawahi kusikia," alisema.

Ndaki akamwita mkewe, Milembe, aliyekuwa na wimbo wa Kisukuma aliojitungia wakati wa kupalilia pamba. Milembe aliimba, Ndaki akamfuata kwa kinanda, kwa zile sauti za umeme zinazovuma kama upepo juu ya bati, huku redio kaseti ikirekodi. Mara mbili Milembe aliangua kicheko katikati, wakaanza upya. Upande wa pili wa kaseti Ndaki alipiga kinanda peke yake. Kaseti ikaenda Mwanza kwa basi.

Miezi mitatu baadaye Milembe alifariki akijifungua. Mtoto naye hakupona.

Filamu ilipofika kwenye kibanda cha video cha Bariadi, mama mkwe wa Ndaki, Kwandu, alikuja kutoka Nkololo kumsikia binti yake. Kwa heshima ya ukwe alikaa mbele, Ndaki nyuma kabisa, karibu na jenereta. Kinanda kilisikika vizuri. Ilipofika sehemu ya msiba, pale wimbo wa Milembe ulipopaswa kuingia, Kwandu aliinamisha kichwa asikilize.

Akaimba mwanamke mwingine, kwa Kiswahili.

Kesho yake Ndaki alipanda basi la Mwanza.

"Wanunuzi walitaka Kiswahili," Marcelo alimwambia. "Kinanda nilikichukua kutoka upande wa pili wa kaseti yako."

"Na ule upande wa kwanza?"

"Nilirekodia juu yake, kaseti ziliniishia. Kwani yule dada ni nani?"

"Mke wangu. Tumemzika."

Marcelo akakaa chini.

Ndaki alikwenda moja kwa moja Nkololo, akasimama nje ya uzio wa minyaa, akaeleza yote. Kwandu hakulia mbele ya mkwe. Aliingia ndani. Akauliza kutoka humo:

"Baba, alikuwa anauanzaje ule wimbo?"

Ndaki akafungua mdomo. Maneno aliyakumbuka yote, ila kila alipojaribu kuyaimba ilimjia sauti ya yule mwanamke wa kwenye filamu.

"Sijui, mayo, mama yangu," alisema. "Umenipotea."