Lori Lililongojwa Keroka

Mwaka ule vita vilipokwisha, kila nyumba iliyokuwa na kijana vitani kule Bama ilikaa ikingoja. Nyamoita wa Manga alimngoja Omwenga, mwanawe wa pekee, aliyechukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, hata ndevu hazijamtoka vizuri.

Pale Keroka, Alfayo alikuwa karani katika duka la Mohamednoor, Msomali aliyeuza nguo, chumvi na sukari. Nyuma ya duka kulikuwa na mashine ya kusaga, na mwendeshaji wake alikuwa Joash, mtu mwepesi wa kuamini. Alfayo alizoea kumchezea shere. Asubuhi moja akamwambia, uso mkavu, "Umesikia? Ijumaa lori la askari wetu linatoka Kisumu. Watashukia hapa hapa."

Alitaka Joash aje Ijumaa amevaa shati la kanisani, ili amcheke. Hakufikiri kwamba wanawake wa vilima vyote vile huleta nafaka yao kwenye mashine ile, na kwamba Joash hawezi kukaa na habari njema peke yake.

Ijumaa barabara ikajaa watu. Nyamoita aliteremka kutoka Manga na kikapu kichwani, ndani yake kuku aliyepikwa na ugali wa wimbi uliosongwa alfajiri. Kila lori lilipopanda kilima, vigelegele vilipanda nalo. Moja lilipunguza mwendo, wakalikimbilia, wakapokewa na nzi na harufu ya ngozi mbichi.

Alfayo aliwatazama dirishani. Mwanzoni alicheka. Jua lilipofika utosini kicheko kilikuwa kimekwisha, lakini hakutoka nje kusema neno. Mchana ukapita, mvua ikawanyeshea.

Jioni Mohamednoor alirudi kutoka Kisii alikokwenda kusali, akakuta baraza la duka lake limejaa wanawake waliolowa. Aliposikia wanachongojea, akamwita Joash.

"Nani alikuambia habari hii?"

"Alfayo, bwana. Karani wako."

Alfayo akatoka akikunakuna shingo. "Nilikuwa namtania Joash tu," alisema. "Sikuwaita hawa. Basi, kama kuna aliyeumia, naomba radhi."

Nyamoita akatua kikapu chake chini.

"Kama?" aliuliza. "Umesema kama? Umetuona tangu asubuhi, Alfayo. Ulituona tukikimbilia ngozi za ng'ombe tukiita majina ya watoto wetu. Bado hujui kama tumeumia?"

Mohamednoor aliingilia kwa upole. "Mama, kijana amekosa. Kila mmoja nitampa chumvi, mwende nyumbani kwa amani."

"Chumvi yako weka, Bwana Mohamednoor. Wewe hukunikosea." Alimgeukia Alfayo. "Mume wangu Ombui hajatoka kitandani tangu mavuno. Leo aliamka, akaomba wembe, akanyolewa, akavaa koti. Ameketi mlangoni anamngoja mwanawe. Mimi sitamwambia uongo wako. Chukua kikapu hiki. Utamwambia mwenyewe."

Alfayo alimtazama bwana wake. Mohamednoor akasema, "Nenda. Na usirudi dukani mpaka uwe umefika kwa wote."

Wakapanda Manga, Nyamoita mbele, Alfayo nyuma na kikapu, njia ikiteleza. Mama hakugeuka hata mara moja. Walipokaribia, Ombui alisikia hatua za mwanamume, akajishika mwimo wa mlango akasimama.

"Omwenga?"

Alfayo alimgeukia mama. Nyamoita hakumsaidia.

"Mimi si Omwenga, baba," alisema mwishowe. "Mimi ni Alfayo wa dukani. Hakuna lori. Nilitunga mimi, nipate kumcheka mwenzangu. Nimekukosea. Nisamehe."

Mzee aliketi polepole. Akasema, "Nimekusikia. Kusamehe, sijui. Weka kikapu, uende kwa wengine."

Alfayo alizunguka vilima vile juma zima. Kwingine walimsikiliza. Kwingine walimfukuza kwa matusi, naye hakujibu. Mohamednoor alimrudisha kazini, lakini Joash hakusema naye tena, na Nyamoita alipeleka wimbi lake kusagwa kwingine, mbali zaidi.

Mwaka uliofuata habari ikaenea kwamba askari wanashukia Keroka. Wanawake wakasonya, wakaendelea kupalilia. Omwenga alishuka barabarani hakuna mtu, hakuna kigelegele, akapanda Manga peke yake na sanduku begani, akimuuliza kila aliyemkuta kama wazazi wake wako hai. Walikuwa hai wote wawili.

Nyamoita alimkumbatia akalia, akamchinjia kuku. Lakini hasira haikumtoka. "Nilistahili kusimama pale barabarani," alikuwa akisema hata miaka baadaye. "Siku ile ilikuwa yangu, na yule karani aliniibia. Radhi aliniomba, ndiyo. Siku yangu je, nani atanirudishia?"