Kiwanda Kilichoishi kwa Moshi

Kiwanda chetu cha majani chai kilikufa mara tatu, na mara tatu serikali ikakifufua. Lazaro mwenyewe alifufuliwa mara moja tu, wala hakudai nyongeza.

Sharti la msaada lilikuwa moja: kiwanda kionekane kinafanya kazi. Kamati ya uokoaji ilikuja kutoka Nairobi, ikasimama Keumbu kununua ndizi mbivu, na kutoka pale barabarani ikatazama ng'ambo ya bonde kama bomba letu linatoa moshi. Likitoa, msaada ulikuja. Habari za chai hakuna aliyeziuliza, na heri hivyo, maana sisi wakulima tulikuwa tumechoka kungoja malipo, tukawa tunapeleka majani yetu kwenye kiwanda kingine upande wa Nyamira. Tanuri likawa linawashwa kila siku kukausha hewa.

Na kuni? Kwanza iliisha mikaratusi ya kiwanda. Kisha ikafuata yetu sisi wenye hisa, kila mtu miti kumi kwa ajili ya maendeleo. Mimi nilitoa ishirini, mjinga mimi, nikapigiwa makofi mkutanoni. Kilima kikabaki kipara. Ikasalia miti ya kienyeji ya Nyanchama, mjane na shemasi wa kanisa letu. Miti hiyo iliikinga chemchemi ambamo nyumba thelathini zilichota maji, na ambamo kiwanda nacho kilivuta maji ya boila. Walter, meneja, alikuwa ameikodolea macho miti hiyo miaka miwili. Nyanchama alikataa kumuuzia hata mmoja.

Mwaka jana kamati ikatangaza kwamba itakuja Jumamosi. Huko Nairobi hakuna aliyejali kwamba Jumamosi ndiyo Sabato yetu, kilima chetu kizima kiko kanisani, pamoja na Ogoti, mchochea tanuri. Saa nne Walter akaingia kanisani jasho likimtoka, akainama kwenye benchi letu na kumwomba Ogoti awashe japo magogo matatu. Ogoti ana watoto watano wa kusomesha. Akaanza kuinuka.

"Biblia yenyewe inasema ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, atolewe," Walter akanong'ona.

Nyanchama akageuka. "Huyo ng'ombe tumemtoa mara tatu, mwanangu. Sasa kisima ndicho kinachokufa."

Ogoti akaketi. Nilifurahi hata nikaanza kuimba kabla wimbo haujatajwa. Siku ile bomba halikutoa moshi, na anga ilitakata jinsi nilivyokuwa nimekwisha kusahau. Tulijua kiwanda sasa kitazikwa, na chemchemi imepona.

Ripoti ilikuja baada ya mwezi, ikasomwa barazani na Marion, karani wa kamati, dada mpole mwenye viatu vilivyojaa matope. Kamati ilikuwa imejionea kwa macho yake kwamba kiwanda kimesimama, ikachunguza, ikagundua sababu: uhaba wa kuni. Kwa hiyo kiwanda kiliongezewa msaada wa dharura, misumeno miwili ya petroli, na kibali cha kukata miti yoyote iliyo karibu kwa manufaa ya umma. Nyanchama alipewa fomu ya fidia, ijazwe nakala tatu.

Miti ilianguka kwa siku mbili. Nilisimama kando nikitazama, nimekasirika. Aliyetoa ishirini na kupigiwa makofi angesema nini? Kufikia Januari chemchemi ilikuwa tope, halafu hata tope likakauka. Kiwanda kikalia kwamba hakina maji ya boila, na kamati, kwa huruma yake, ikakipa bauza, lori la kubebea maji.

Bauza hilo hupita kila asubuhi mbele ya lango la Nyanchama, likimwagamwaga maji njiani. Juzi alilisimamisha, akaomba mtungi mmoja tu wa maji ya kupikia. Dereva alikuwa mtu wa adabu. Akavua kofia.

"Pole, mama," akasema. "Haya ni ya mgonjwa."