Mwaka Mmoja Zaidi kwa Kocha Teel

Nyigu wa Chuo cha Calloway walikuwa wameshindwa mechi saba kati ya tisa, na katika mji wa Pruitt Springs, Alabama, habari hiyo ilizungumzwa kwa sauti ambayo watu wa kwingine huiweka kwa ajili ya misiba. Watu wa huko wakisema mpira, wana maana ya ule wao wa kubeba kwapani na kuangushana, wenye kofia ngumu na mabega ya kuvaa. Mwingine hawautambui. Na msimu ule kila aliyetaja neno kocha alishusha pumzi kwanza.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, Verlene Odom alikuwa amesimama nyuma ya gari la kaka yake kwenye maegesho ya chuo, ambako watu hula pamoja kabla ya mechi, akigeuza nyama ya nguruwe juu ya jiko la mkaa na kusikiliza wanaume wakimfukuza kocha kazi. Mechi ilikuwa bado saa tatu nzima, lakini kumfukuza kocha ni kazi ya kuanza mapema.

"Mimi sina ugomvi naye," alisema Ronnie Sikes, mwenye duka la matairi, kinywa kimejaa. "Kijana mzuri, mke wake mzuri. Afungashe virago vyake vizuri, aende."

"Aende halafu aje nani?" aliuliza Cleotha Battle, aliyefundisha historia miaka thelathini na mmoja na hajawahi kuacha kuongea kama yuko mbele ya darasa. "Tumefukuza makocha wanne katika miaka kumi na miwili. Kila anayekuja tunamwambia jenga nyumba. Akimaliza msingi tunamuuliza mbona hakuna paa."

"Msingi gani, Mwalimu? Miaka mitatu jamaa anachimba shimo tu."

"Vijana aliowachagua mwenyewe ndio kwanza wako mwaka wa tatu. Mpe mmoja zaidi."

"Mwaka mmoja, mwaka mmoja. Hata mke wangu alinipa mwaka mmoja, nikaacha sigara. Huyu ameacha nini?"

Cleotha akamgeukia Verlene. "Bi Verlene, hebu msaidie huyu mtu."

"Mtu aachwe amalize kazi aliyoianza," alisema Verlene. "Ndivyo tulivyolelewa."

Ukweli ni kwamba Verlene hakuwa na imani na Kocha Teel hata ya kujaza kijiko. Alimtetea kwa sababu ya kaka yake, Hollis Trawick, mzee wa miaka sabini na mbili aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, mikono kifuani, bila kusema neno tangu walipofika. Hollis akinyamaza hivyo, kuna kitu kinaiva ndani.

"Mwaka ujao Teel akiwa bado hapa," alisema mwishowe, "mimi siji."

"Unasema tu, Shemasi," alisema Ronnie.

"Na ile fomu sisaini."

Verlene aliacha nyama ikaungua upande mmoja.

Fomu ilikuwa mkobani mwake wiki ya tatu sasa. Viti vyao viwili uwanjani, safu ya kumi na nne, viliandikishwa na baba yao kwa majina ya watoto wake wote wawili, na chuo kina utaratibu wake: kila mwaka, ama wanasaini wote wawili kabla ya Novemba kwisha, ama viti vya msimu ujao vinapewa wanaosubiri. Wanaosubiri hawajawahi kupungua. Timu ishinde isishinde, watu wa huko husubiri viti miaka na miaka kwa moyo mmoja, halafu wakishakalia wanakosa subira ya dakika tano na kocha.

Viti vyenyewe Verlene angeweza kuvisahau. Hofu yake ilikuwa nyingine. Tangu Jewel, mke wa Hollis, azikwe Februari ya mwaka juzi, Hollis alikuwa akijifunga ndani pole pole. Chakula cha kanisani cha Jumatano aliacha. Kuvua samaki aliacha. Alikuwa shemasi, lakini mchungaji akimwomba aongoze sala alitikisa kichwa, mpaka mchungaji akachoka kumwomba. Kilichobaki ni Jumamosi za mpira. Siku hizo alinyoa ndevu, akavaa shati la njano, akagombana na watu. Verlene alimpenda mno kaka yake akigombana. Jumamosi zikiondoka, aliona wazi, Hollis naye ataondoka, taratibu tu, kwenye kile kiti cha sebuleni ambako mapazia hayafunguliwi.

Mechi ya siku hiyo ilizidisha mambo. Robo ya nne Nyigu walikuwa nyuma kidogo tu. Wakafika jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, yadi mbili tu zimebaki ili waendelee na mpira, na Kocha Teel akaamuru upigwe teke, wapewe wapinzani. Uwanja mzima ulizomea, na mechi ikapotea. Hollis alisimama, akavaa kofia yake.

"Alhamisi," alisema. "Alhamisi nitamwambia mwenyewe, macho kwa macho."

Kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni kocha wa Nyigu, awe nani, hukaa meza ya mbele kwenye mgahawa wa kambare wa Dot Hargett, na redio ya kaunti hurusha maneno yake moja kwa moja. Watu hupanga foleni kwenye maiki kumuuliza maswali. Siku za ushindi foleni hufika mlangoni. Siku za kushindwa hupita mlango na kuendelea hadi barabarani.

Hollis alifika saa kumi, akawa wa kwanza. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Verlene alikuwa ameisoma garini, kwa kuwa kaka yake aliiacha juu ya kiti na yeye hana aibu ya namna hiyo. Ilikuwa na mambo tisa, na la tisa lilimtaka Kocha Teel, kwa heshima zote, ajiuzulu kabla ya Krismasi. Mwandiko ulikuwa mzuri sana. Hilo ndilo lililomkatisha tamaa Verlene, maana Hollis huandika vizuri anapokuwa ameshaamua.

Kocha aliingia na koti lake la njano lililompwaya, mtu wa miaka arobaini na mmoja aliyekondeana tangu Agosti. Alipita akimpa kila mtu mkono, hata wale waliokuwa wakitazama viatu vyao.

Kwa Dot chakula hakiguswi kabla ya kuombewa, redio iwepo isiwepo. Kazi hiyo huwa ya mchungaji, lakini mchungaji alikuwa kitandani na mafua. Dot alisimama na taulo begani, akaangaza macho, akamwona aliyekuwa karibu zaidi na maiki.

"Shemasi Trawick. Tuombee chakula."

"Dot, mimi siku hizi si..."

"Vichwa vimeshainama, Shemasi. Kambare wanapoa."

Ni kweli, vilikuwa vimeinama. Kofia zilikuwa zimevuliwa, hata ya Ronnie Sikes, ambayo wengine waliamini imeota pale. Mtu wa Pruitt Springs anaweza kumkatalia jaji, anaweza kumkatalia daktari. Kukataa kuombea chakula mbele ya watu tisini walioinamisha vichwa, hilo halijatokea.

Hollis naye akainamisha chake. Redioni kaunti nzima ilisikiliza mafuta yakichemka jikoni. Verlene alifumba macho na kuomba ombi lake la pembeni, kwamba kaka yake asiaibike.

"Bwana," alianza Hollis, sauti ikikwaruza. "Tunashukuru kwa chakula hiki na kwa mikono iliyokikaanga. Uwakumbuke wagonjwa. Uwakumbuke walio safarini, na gari la Cleotha, maana breki zake unazijua."

Kicheko kidogo kilipita.

"Uwakumbuke wajane." Akasita. "Na wagane. Na waamuzi, Bwana, uwape macho."

Verlene alifumbua yake. Maneno hayo hayakuwa ya Hollis. Yalikuwa ya Jewel. Miaka thelathini na minne, kabla ya mtu kugusa nyama pale maegeshoni, Jewel aliomba hivyo hivyo, kwa mpangilio huo huo, akarefusha mpaka mchuzi ukaganda, Hollis akikohoa kumharakisha. Sasa mzee alikuwa ameshikwa pabaya, hana sala ya kwake, na ya mkewe ilikuwa inatoka yenyewe. Verlene alijua baada ya waamuzi anafuata nani, na hakukuwa na namna ya kumzuia.

"Na umbariki kocha wetu," alisema Hollis. "Naye ni mtoto wa mtu. Umpe usingizi. Utupe sisi adabu ya kungoja, na yeye umpe mwaka mmoja zaidi. Amina."

"Amina," waliitikia watu tisini, na bila shaka wengine elfu kadhaa majikoni mwao.

Hollis alifumbua macho. Ungeona uso wake wakati maneno yale yalipomfikia mwenyewe. Aliitazama maiki, akamtazama Dot, akaitazama karatasi. Ronnie alikuwa ameshalala juu ya meza, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Asante, Shemasi," alisema mtangazaji. "Na bahati nzuri ni wewe wa kwanza kwenye foleni. Swali lako kwa kocha?"

Hollis aliikunjua karatasi. Akayapitia mambo yote tisa kwa macho, bila haraka. Kisha akaikunja tena.

"Kocha," alisema. "Jaribio la nne, yadi mbili zimebaki. Mbona ulipiga teke?"

Kocha Teel alisugua macho yake, ambayo yalikuwa mekundu tangu sala iishe. "Niliogopa, mzee wangu," alisema. "Ningekupa sababu nyingine ningekuwa nakudanganya."

Watu waliokuwa wametayarisha hasira zao walibaki nazo mkononi. Hollis aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, pole pole.

"Basi usiogope," alisema, akaenda kukaa na kula sahani mbili za kambare.

Nje, Ronnie alimfuata hadi garini. "Shemasi, umeingia pale kumchinja mtu, ukaishia kumbariki. Tena hewani. Sasa utasimama wapi mji huu umseme?"

"Ni sala ya Jewel," alisema Hollis. "Mimi sijui nyingine."

Ronnie akavua kofia tena, mara ya pili siku moja. Alisimama hapo akiizungusha mikononi. "Sasa kama Jewel ndiye anayemtaka," alisema, "mngenitaarifu mapema, nisingepoteza mate."

Hollis akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari, kisha akafuta macho na mgongo wa mkono, na Verlene alijishughulisha kutafuta funguo alizokuwa nazo mkononi. Njia nzima Hollis aliongea juu ya Jewel: jinsi alivyochoma mikate ya mahindi, jinsi alivyowaita wachezaji kwa majina ya mama zao. Verlene hakuitoa fomu. Alimjua kaka yake. Ukimsukuma, anakaa chini.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa mechi ya mwisho ya nyumbani. Zikiwa zimebaki dakika mbili, Nyigu walikuwa nyuma kwa pointi moja, wana mpira katikati ya uwanja, na likafika jaribio la nne. Zimebaki yadi mbili.

Uwanja mzima ulisimama. Kocha Teel alitazama chini, akatazama juu, kisha akawaacha vijana wake uwanjani. Hapakuwa na teke.

"Yesu wangu," alisema Cleotha. "Amekusikiliza, Hollis."

Mpira ulitolewa, kijana namba ishirini na mbili akaukumbatia na kuinamia ukuta wa watu. Lilikuwa rundo la miguu na vumbi. Waamuzi waliingia kufukua, wakapima kwa mnyororo wao. Alikuwa amepungukiwa na urefu wa kiganja.

Ikawa imekwisha. Wapinzani walishika mpira wakaukalia mpaka saa ikaisha, na Nyigu wakawa wameshindwa mechi tisa kati ya kumi na moja.

Ronnie aligeuka taratibu. "Swali lako hilo, Shemasi."

"Swali lilikuwa sawa," alisema Hollis. Alikuwa amesimama, shingo imemtoka mishipa. "Wazo lilikuwa sawa. Yule mtoto anayezuia upande wa kushoto ndiye aliyesukumwa, hukuona? Miguu membamba. Miaka kumi na minane, unategemea nini? Mwache ale kwa mama yake kipindi cha joto hiki kinachokuja. Mwakani pale kushoto atapita hata ng'ombe."

"Mwakani Teel atakuwa anauza bima," alisema Ronnie.

"Mwakani Teel atakuwa pale pale anaposimama sasa, na wewe utakuwa hapa unakula maneno yako na nyama ya dada yangu. Mtu ameonyesha moyo leo, kwa mara ya kwanza, halafu unamfukuza? Cleotha, mweleze huyu."

"Mimi nimemweleza tangu Septemba," alisema Cleotha.

Verlene alimvuta Hollis mkono wa shati. "Kaka," alisema, "umesema mwakani?"

"Nimesema mwakani, ndiyo. Masikio yameanza? Ile karatasi ya viti umeipeleka wapi?"

"Ninayo."

"Sasa unaitamia? Lete kalamu. Ronnie, inama."

Ronnie Sikes, huku akinung'unika, aliinama, na Hollis Trawick akasaini fomu juu ya mgongo wake, kwa ule mwandiko wake mzuri, bila kuacha kubishana. Akamrudishia dada yake, akamfuata Cleotha kwenye ngazi akimweleza habari za yule mtoto wa kushoto.

Verlene aliikunja fomu, akaitia mkobani, akakaa kwenye kiti chake na kulia. Na kwa kuwa Nyigu walikuwa wameshindwa kwa pointi moja, hakuna aliyemuuliza kwa nini.