Mjerumani wa Panas na Bibi wa Lukiyan

Panas Kovtun aliporudi kutoka Ujerumani, alikopelekwa kujifunza kuendesha gari la deraya tulilopewa msaada, habari ya kwanza aliyotuletea haikuhusu mzinga wala injini. Ilihusu kiti.

"Kinakwenda mbele, kinarudi nyuma, kinapanda, kinashuka," alisema. "Unaenda vitani umekaa kama meneja wa benki!"

Chini ya gari jingine, kuukuu, la Kisovieti, ilikuwa imechomoza miguu ya shemeji yake, Lukiyan Hrabar. Sauti ikatoka huko pamoja na mlio wa spana.

"Wengine tulikuja kupigana, shemeji. Kukaa tungekaa nyumbani."

Lukiyan amemuoa Odarka, dada yake Panas. Kabla ya vita wote wawili walikuwa madereva wa trekta katika kijiji kimoja, na tangu siku ya harusi hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Vita vilipokuja wakajiandikisha pamoja, wakapangwa kikosi kimoja, na ubishi wao ukaja nao. Mimi ni askari wa miguu. Kazi yangu ni kubebwa hadi karibu na mahandaki, kushuka na kukimbia. Katika mabishano yao nilikuwa mzigo tu, lakini mzigo nao una maoni yake.

Gari la Lukiyan tulikuwa tukiliita Bibi. Alitoka katika kiwanda cha hao hao wanaotupiga leo. Ndani hamkai watu, mnapakiwa samaki. Sehemu ya mafuta yake imo ndani ya milango ya nyuma, milango hiyo hiyo tunayotokea sisi. Aliyeibuni nadhani hakuwa na mpango wa kusafiri. Kwa hiyo tulipanda juu ya paa, mvua yetu, baridi yetu, maana bomu la ardhini likilipuka, afadhali urushwe kuliko upikwe. Lakini Bibi hakukosa vipuri hata siku moja. Adui alipoyaacha magari yake shambani na kukimbia, Lukiyan alitambaa usiku na kurudi na gunia.

"Duka langu liko ng'ambo ya mto," alikuwa akisema. "Na halifungwi Jumapili."

Gari la Panas tuliliita Mjerumani, naye kwa upande wake alikuwa na hita. Alikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu, na mlango wa nyuma ulioshuka polepole kama daraja la kasri. Pia alikuwa na taa nyekundu iliyowaka kila mara bila kusema inaumwa nini, na kipuri kimoja tulichokiagiza majira ya joto kilifika theluji inaanguka, nacho si chenyewe.

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda," Lukiyan alimtania.

"Na chako hicho si kipya wala hakinyemi. Kidonda kitupu!"

Siku moja nilikuwa nafuta tope kwenye bamba la chuma ndani ya Mjerumani, nikaona mwaka wa kuundwa kwake. Nikaenda kutazama bamba la Bibi. Nikarudi kuhakikisha. Mjerumani alikuwa amemzidi Bibi miaka miwili.

Lukiyan alicheka hadi akakaa chini. "Ametuletea babu! Babu kapakwa rangi, kavishwa soksi mpya!"

Kapteni Verbitska, mkuu wetu, mama mmoja mkavu wa maneno, ndiye pekee ambaye hakucheka. "Haya mawili yaliundwa ili yauane," alisema. "Yamezeeka yakisubiriana. Sasa yanalala banda moja, yanatafutiwa grisi na watu walewale."

Kwenye safari yake ya kwanza Mjerumani alikutana na daraja la kijiji. Daraja lilijengwa kwa magari mepesi kama Bibi, na halikuweza kubeba uzito wa mgeni. Panas akazunguka kupitia shamba la alizeti ambazo hazikuvunwa, na udongo ule mweusi, ambao ni sifa ya nchi yetu, ukammeza hadi tumboni. Lukiyan akavuka daraja na Bibi, akasimama, akapanda juu ya paa. Akatoa mkate, kitunguu saumu na kipande cha mafuta ya nguruwe, akawa anakata taratibu huku akitazama.

"Leta waya, wewe!" Panas alipiga kelele.

"Meneja, benki imefungwa kwa chakula cha mchana."

Alipomaliza kula akafunga waya, Bibi akanguruma, akatoa moshi kama treni ya makaa, waya ukakatika. Ikabidi liitwe gari la kukokota. Kapteni akawagombeza wote wawili, mmoja kwa kuzama, mwingine kwa kula.

Halafu ikaja asubuhi ambayo Bibi aligoma. Lukiyan alipiga stata, akatukana, akabembeleza, kimya. Zamu ilikuwa yake, lakini tukaingia kwa Panas, tukafunga mlango, tukaondoka tukiwa na joto miguuni.

Bomu lilikuwa chini ya mnyororo wa magurudumu ya kushoto. Sikumbuki mlio. Nakumbuka ladha ya udongo, na jino langu likiwa kwenye kiganja cha glovu. Niliwahesabu wenzangu kwa kuwashika vichwa. Wote walikuwa wazima. Panas alikuwa mbele, bega limevunjika, akiuliza swali lilelile tena na tena: "Taa gani imewaka? Taa gani imewaka?"

Lukiyan alifika mbio kwa miguu, bila kofia, barabara ambayo hata mbwa hapiti mchana. Akamshika shemeji yake makwapani, akamtoa kama anayetoa mtoto kisimani. Kisha akainama, akatazama chini ya Mjerumani. Chuma kilikuwa kimebonyea vibaya, lakini hakikutoboka.

"Ingekuwa Bibi," akasema, "ningekuwa..." Alikuwa analia, kamasi zinamtoka. Mwisho akajifuta kwa mkono na kusema, "Umeharibu gari la watu, shemeji."

Mjerumani akapakiwa kwenye lori, akapelekwa kutibiwa Polandi. Panas akapelekwa hospitali ya wilaya, yenye dirisha moja lililozibwa kwa plastiki.

"Gari limepata ruhusa ya kwenda ng'ambo," alilalamika, "mimi nimepata vidonge vya maumivu."

Aliporudi, msaada mwingine ulikuwa umefika, gari moja tu, ndugu wa Mjerumani, nalo Kapteni alimpa Lukiyan. Panas akakabidhiwa Bibi, aliyekwisha kutengenezwa. Baada ya mwezi nilimsikia akimwambia Lukiyan kwamba gari la kweli ni lile linalotengenezwa kwa nyundo, na kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Lukiyan naye alikuwa anapekua kitabu cha maelekezo akiwa amevaa miwani, anamwomba mwenzake apunguze kelele.

Bibi aliuawa na droni akiwa ameegeshwa chini ya miti, Panas akiwa kwenye foleni ya supu. Aliungua kutwa nzima, kuanzia milangoni. Wote wawili walisimama mbali, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza sikusikia ubishi.

Kapteni akamweka Panas kuwa mpiga mzinga katika gari la Lukiyan. Jioni ile Odarka akampigia Kapteni simu, naye, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na grisi, akaiweka kwenye spika.

"Afande, nakusihi. Mume wangu na kaka yangu ndani ya gari moja? Bomu moja litaniacha na nani?"

"Dada, ninalo gari moja tu ambalo watu wakilipukiwa ndani yake wanatoka wakitukana. Nimtoe yupi?"

Tulisikia kuku nyuma yake, na ndoo ikigonga.

"Basi," akasema, "waambie wafunge mikanda."