Chungu Kilichopungua

Kazini walimwita Mzee Wakubwa, kwa sababu kosa lolote likitokea jibu lake lilikuwa moja: ni hao wakubwa. Mvua ikinyeshea saruji mbichi, ni wakubwa. Nyundo ikimpiga kidole, ni wakubwa walioinunua. Alikuwa fundi umeme kwa miaka thelathini na moja. Shule aliiacha darasa la tatu, na mikono yake iliijua waya kuliko macho yake yalivyozijua herufi.

Bahati nzuri ramani ya umeme haina maneno mengi. Ina alama. Duara lenye msalaba ndani ni taa ya dari. Mstari mnene wenye kipande kidogo kila ncha ni taa ya tyubu. Kiduara chenye mkia ni swichi. Yote hayo alifundishwa na mkewe, juu ya meza ya jikoni, alipopata kazi yake kubwa ya kwanza, ya kutia umeme shuleni. Mke alikuwa amesoma mpaka akamaliza. Alinakili kila alama kwenye daftari dogo kwa kalamu ya bluu, akaipa kila moja jina la nyumbani ili mume asisahau. Duara lenye msalaba akaliita kifungo cha koti. Tyubu, mfupa. Swichi, kijiko. Na duara lililojazwa wino nusu akaliita chungu kilichopungua: taa ya ukutani.

Mke alifariki mwaka juzi, hospitalini, saa sita mchana, jua likiwa utosini. Taa hazikuhusika. Jambo hilo lilimuudhi mumewe hadi leo, maana kama umeme ungekatika angejua wa kumshika shati. Ilibidi agawe lawama kwa daktari, kwa waziri, na kwa mtu aliyeamua wagonjwa wangoje kwenye benchi. Daftari alilitia mfuko wa shati wa kushoto. Si mapenzi, alisema. Mfuko wa kulia umetoboka.

Kisha ikaja kazi ya zahanati mpya, upande wa wazazi. Ofisi ya mradi ilimpa karatasi tatu za ramani: ya pili, ya tatu na ya nne. Ya kwanza, yenye ufunguo unaoeleza kila alama ni nini, ilibaki kabatini. Fundi aliona namba zinaanzia mbili, akasonya. Wakubwa hata kuhesabu hawajui. Hakumuuliza mtu. Alitoa daftari, akalinganisha michoro, akaanza kazi.

Ramani ilikuwa na vyungu vilivyopungua tisa: vinne chumba cha kujifungulia, vitatu kwenye korido, viwili mlangoni. Akafunga taa tisa za ukutani, zimenyooka kama askari wa gwaride. Alirudi nyuma hatua tatu, akazitazama, akakosa wa kumlaumu.

Mkaguzi alikuja Jumanne. Alikuwa mwanamke wa makamo, kofia ngumu kichwani, sauti ya chini. Alizunguka, akagusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwisho akaenda kwenye swichi kuu, akaizima. Chumba cha kujifungulia, chenye madirisha madogo yaliyopakwa rangi, kikawa giza.

"Fundi, mbona hizi zimezima?"

"Umezizima mwenyewe, mama. Ulitegemea nini?"

"Hizi tisa ni za dharura. Zina betri ndani. Umeme ukikatika mtu akiwa katikati ya uchungu, hizi zinatakiwa zibaki."

Saa moja baadaye walikuwa ofisini kwa msimamizi wa mradi, bwana mmoja aliyependa kubofyabofya kalamu. Mezani palikuwa na fomu. Fundi alishapewa onyo mara mbili, zote kwa sababu ya mdomo wake. La tatu lingeondoka na leseni, na bila leseni angebaki mtu wa kubadilisha balbu za majirani.

"Ulisomea ufunguo gani?" msimamizi aliuliza.

Hiyo ndiyo nafasi fundi aliyokuwa akiingoja maisha yake yote. Mkubwa yuko mbele yake, kosa la mkubwa liko kabatini. Akafungua mdomo.

"Maana bila ufunguo," msimamizi akaendelea, "ama ulibahatisha, ama una kitabu chako cha uganga."

Mkaguzi alikuwa akitazama mfuko wa shati. "Ni hilo daftari, mzee?"

Fundi akaweka kiganja juu ya mfuko. Aliona jinsi itakavyokuwa: chini ya sababu ya kosa wangeandika daftari la marehemu, msimamizi angecheka, na karatasi ile ingewekwa kwenye faili miaka yote.

"Andika mimi," alisema.

Msimamizi akaacha kubofya kalamu. Hakuna aliyewahi kumsikia Mzee Wakubwa akisema neno hilo mahali kama hapo.

"Nikiandika wewe, leseni inaondoka," mkaguzi alisema. "Kama ulipotoshwa na maandishi ya mtu, naweza kukupa siku za kurekebisha."

"Hakuna aliyenipotosha." Akalichomoa daftari, akaliweka mezani kama anaweka hirizi. "Tazama mwenyewe kama kuna mstari umepinda humo."

Mkaguzi alifunua jalada. Ndani yake palikuwa na maandishi madogo ya bluu. Miaka yote fundi aliyaona bila kuhangaika kuyasoma, akadhani ni jina na anwani ya mwenye daftari. Mkaguzi akayasoma kwa sauti:

"Alama hizi ni za ramani ya shule tu. Ramani nyingine, baba, omba ufunguo wake. Usione haya."

Nje mtu alikuwa akikokota bomba.

"Rudia," fundi alisema.

Akarudia.

"Mpaka huko aliko," fundi alisema taratibu, "bado ananiambia alinionya."

"Sasa sababu niandike nini?"

"Fundi hakumsikiliza mkewe."

"Fomu haina nafasi ya hilo."

"Ndiyo maana mambo hayaendi. Mnatengeneza fomu finyu."

Mkaguzi akazipekua karatasi za ramani, akaona zinaanzia ya pili, akaandika mistari miwili: ofisi haikutoa ufunguo, fundi hakuuomba. Akatoa siku tatu. Msimamizi alitia sahihi shingo upande.

Fundi hakuinuka. Alilitazama kabati, akalitazama daftari, akakohoa.

"Naomba ufunguo," alisema.

Msimamizi akaenda kuutoa. Usiku huo kwenye meza ya jikoni fundi alitumia karibu nusu saa kuandika, chini ya chungu kilichopungua cha mkewe, maneno matatu kwa herufi za darasa la tatu: ZAHANATI. YA DHARURA.

Ijumaa mkaguzi alirudi kukagua taa tisa mpya, zenye betri. Saa sita mchana akazima swichi kuu, fundi akiwa kwenye korido, mlango wazi, jua limejaa mpaka ukutani.

"Zinawaka?" mkaguzi aliita kutoka kwenye swichi.

Fundi akaikinga taa moja kwa viganja viwili, akachungulia ndani yake kama mtu anayeangalia kama maji yamechemka.

"Zinawaka," alijibu. "Ila saa hizi hutaziona."