Maji ya Kituo cha Tatu

Kwa miaka miwili mwoka mikate aliishi na bahari iliyokuwa ikififia, ingawa hakuwahi kuitazama mwenyewe. Aliipokea kutoka kinywani mwa mumewe. Kila Jumamosi asubuhi mzee huyo, karani wa posta aliyestaafu, alirudi kutoka majini suruali imelowa hadi magotini, akaketi juu ya gunia la unga karibu na tanuri na kusema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za mgonjwa, "Leo mita sita." Miezi ikapita, ikawa mita tano. Kisha nne.

Kisiwa kizima kilikuwa na kikundi cha watu wa kujitolea waliotunza habari za bahari yao. Mwalimu alipima nyasi za baharini, muuza duka alihesabu viota vya ndege, na karani alipewa uangavu wa maji kwenye kituo cha tatu, penye boya la njano. Kifaa chake kilikuwa sahani bapa, nusu nyeupe nusu nyeusi, iliyofungwa kwenye kamba yenye fundo kila nusu mita. Aliiteremsha mpaka isionekane tena, akahesabu mafundo, akaandika kwenye daftari. Kanuni ilikuwa moja: jicho liwe lilelile kila mara, kwa sababu macho ya watu hayalingani.

Mkewe akikanda unga alijikuta anaiota bahari hiyo. Aliona maji yakigeuka kuwa kama maziwa, samaki wakipapasa njia kwa mapezi, na boya la njano likielea juu ya weupe usio na chini. Alikanda na kuota, kinyunya kikipumua chini ya viganja vyake.

Balaa lilianza pale kikundi kilipotafuta chanzo cha maji kupoteza uangavu. Palikuwa na gati jipya lililokuwa likijengwa upande ule, na msimamizi wa ujenzi alikuwa kaka yake mwoka mikate. Ndiye pia aliyekuwa akimpigia karani makasia kila Jumamosi. Barua iliandikwa kuomba ujenzi usimamishwe, na karani akatia sahihi.

"Shemeji," kaka mtu alisema, amesimama mlangoni bila kuvua kofia, "mimi nimekuwa nawe ndani ya mashua hiyohiyo. Mchanga wangu haufiki huko."

"Daftari halina undugu," karani alijibu.

Kaka akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakutokea, na mwoka mikate, aliyekuwa amebanwa katikati kama nyama ndani ya mkate, alivua aproni akasema atapiga makasia yeye.

Asubuhi ile haikuwa na upepo. Bahari ililala kama shuka iliyopigwa pasi, na makasia yalipoingia majini hayakutoa sauti ya maana. Walipofika kwenye boya karani akainama, akateremsha sahani polepole, midomo ikihesabu.

"Imepotea," alisema. "Mita tatu na nusu. Andika."

Mwoka mikate alichukua kalamu, lakini kabla ya kuandika alichungulia tu, kama mtu apitaye penye dirisha la jirani. Sahani ilikuwa pale. Ilining'inia chini yao, nyeupe na nyeusi, wazi kabisa, na chini yake tena kulikuwa na buluu, na chini ya buluu kijani, na samaki wadogo wakiizunguka bila haraka. Alidhani ni ndoto zake za kwenye kinyunya zimemfuata. Akanawa uso kwa maji ya chumvi, akatazama tena.

"Hebu teremsha zaidi," alisema.

"Imeshapotea, mke wangu."

"Teremsha tu."

Kamba ikapita mikononi mwa mzee. Mita tano. Mita saba.

"Unaiona?" mumewe aliuliza.

"Naiona."

Mita tisa.

"Bado?"

"Bado."

Ilifika mita kumi na moja ndipo ikawa doa, kisha wazo la doa, kisha hapana kitu. Mashua ilijizungusha yenyewe taratibu, na mwoka mikate akamtazama mumewe usoni kwenye mwanga ule mkali wa majini, karibu, kama ambavyo hakuwa amemtazama kwa muda mrefu. Ndani ya mboni zake kulikuwa na wingu dogo la kijivu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwanzo niliapa ni bahari," mzee alisema. "Kweli kabisa. Kisha nikaona ukungu hata chumbani, hata kwenye sahani ya chakula. Nikajiambia ni taa." Alianza kukunja kamba, mafundo yakipita vidoleni mwake moja moja. "Posta walinipa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Hii ndiyo kazi iliyobaki. Ningesema sioni, ningekuwa nani?"

Mkewe alitaka kumwambia maneno makali, kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, kwamba kaka yake ametukanwa mjini kwa ajili yake. Lakini alijiuliza pia yeye alikuwa wapi. Miaka miwili analala kando ya mtu huyu, akaota bahari na asiyaone macho. Akaandika mita kumi na moja, na pembeni: jicho jipya.

Siku hiyohiyo walikwenda kwa mratibu wa kikundi, msichana mpole mwenye ofisi ndogo iliyojaa chupa za maji ya bahari. Karani alikataa kiti. Alisema yote wima, kama anayetoa ushahidi. Mratibu alifungua daftari, akachora mstari mwembamba kando ya kurasa za miaka miwili.

"Hatufuti, mzee," alisema. "Tunaandika kilichotokea. Na barua nitaiondoa leo."

"Shemeji yangu nitamwambia mwenyewe."

Alimwambia palepale gatini, mbele ya mafundi. Kaka mtu akakuna kidevu. "Kwa hiyo miezi yote ile nilikuwa nampigia makasia kipofu anielekeze njia," alisema, na mafundi wakacheka, na karani akacheka kuliko wote mpaka machozi yakamtoka. Kaka ndiye aliyemvusha kwenda hospitali ya ng'ambo alipopata nafasi ya kuondolewa mtoto wa jicho, kwanza la kulia, la kushoto mwezi uliofuata.

Aliporudi mara ya pili, kitambaa kimeshaondolewa, alitembea toka bandarini na mkewe kwa mwendo wa mtoto aendaye sokoni mara ya kwanza. Alisimama kusoma vibao vya maduka. Alisimama kwa ajili ya paka. Mbele ya nyumba yao akasimama zaidi.

"Nani amepaka mlango rangi ya buluu?"

"Mimi. Mwaka juzi."

"Mbona hukuniambia?"

Mwoka mikate alimtazama, naye mzee akainamisha kichwa. Kisha mkewe akamshika mkono, wakasimama kwanza mbele ya kizingiti wakiutazama mlango.